Kuwasilisha mahesabu mbele ya mkutano mkuu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Katika mikutano mikuu mingi ya SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, ajenda ya mahesabu ndiyo inayowatoa watu nje. Meneja anasimama, anafungua kabrasha la kurasa arobaini, anaanza kusoma kuanzia utangulizi. Akifika ukurasa wa sita, wajumbe wa nyuma wanajipepea kwa makabrasha yao, wengine wameshatoka kuulizia chai, na mgeni rasmi anachungulia simu chini ya meza. Inapofika zamu ya maswali, yanaulizwa mambo yaliyosomwa dakika kumi tu zilizopita. Msomaji anarudi kitini akilalamika kwamba wanachama wa siku hizi ni wagumu kuelewa.

Wanachama hawana ugumu wowote. Wamesomewa kitu kilichoandikwa kwa ajili ya macho. Taarifa ya maandishi ina wenyewe: mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, anaihitaji, Afisa Ushirika anaihitaji, na mwanachama mwenye shaka ataipekua nyumbani usiku. Ukisimama mbele ya watu una kazi nyingine kabisa, ya kuwafanya waelewe jambo na waweze kuliamua. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo ya pili.

Nadhani tabia ya kusoma neno kwa neno tumeiokota kwenye hotuba za bajeti za kila mwezi wa Juni. Waziri wa Fedha analazimika kusoma, kwa sababu kila analosema linaingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge na tarakimu moja ikikosewa inakuwa habari ya magazeti kesho yake. Wewe huna mzigo huo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuubeba.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Tuseme SACCOS yako ina wanachama 640. Mikopo iliyo mikononi mwa wanachama ni kama shilingi 480,000,000, na kati ya hizo shilingi 57,600,000 zimechelewa kurejeshwa. Bodi imependekeza kwamba mwaka huu gawio lisilipwe, ziada ibaki ndani ya chama kuongeza mtaji. Umepewa dakika 20 za kueleza, na habari yenyewe haina utamu. Kama wewe ni mweka hazina wa kamati ya maji, katibu wa VICOBA au mwalimu mkuu anayekabili wazazi, badilisha majina tu. Hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Andika uamuzi unaoutaka

Kabla hujafungua kompyuta, chukua karatasi uandike sentensi moja: mkutano ukimalizika, watu hawa wawe wameamua nini? Kwa mfano wetu: "Wanachama wakubali gawio la mwaka huu libaki ndani ya chama." Basi.

Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, tatizo lako halijafika kwenye ufasaha. Rudi kwa bodi ukaulize wanataka nini. Nimesikia mawasilisho mazuri kwa sauti na kwa slaidi ambayo yalimalizika kwa "ahsanteni kwa kunisikiliza", ukumbi ukabaki unatazamana, kwa sababu hakuna aliyejua kama alitakiwa kupiga kura, kupiga makofi au kwenda kula.

Sentensi hiyo ibandike juu ya meza unapoandaa. Kila aya, kila jedwali na kila picha iulize: inasaidia uamuzi huu? Historia ya chama tangu kuanzishwa haisaidii. Orodha ya semina ambazo bodi imehudhuria haisaidii, na mara nyingi inaleta balaa la maswali ya posho.

Hatua ya 2: Sikiliza minong'ono mapema

Wiki moja kabla ya mkutano, zungumza na wanachama wachache wa aina tofauti. Usiwaulize wanaionaje taarifa. Watakujibu kwa adabu tu kwamba ni nzuri. Waulize hivi: "Mkutanoni watu watauliza nini?" Hapo ndipo utasikia ya kweli.

Katika SACCOS yetu ya mfano kuna wastaafu wanaotegemea gawio, kuna walimu walioomba mkopo wa ada wakaambiwa wasubiri, na kuna wafanyabiashara wadogo wanaoshuku kwamba wajumbe wa bodi wanakopeshana wao kwa wao. Hao watatu wakisikia tarakimu moja, kila mmoja anasikia yake. Mstaafu anasikia kwamba amenyang'anywa. Mwalimu anapata jibu la kwa nini mkopo wake umechelewa. Mfanyabiashara anasikia ushahidi wa aliyoyashuku siku zote. Ukizungumza na mmoja tu kati yao, wawili wamekupotea.

Kisha kuna yule mzee ambaye akikohoa ukumbi unanyamaza. Kila chama kina wake. Mfuate nyumbani, mpe shikamoo yake, mweleze pendekezo kabla halijatangazwa na umsikilize anasemaje. Wapo watakaosema huko ni kumhonga kwa maneno. Mimi naona ni adabu ya kawaida, na pia ni akili: upinzani mwingi mkali mikutanoni hutoka kwa mtu mwenye heshima aliyesikia jambo zito kwa mara ya kwanza mbele ya kadamnasi, akaona amedharauliwa. Hata akiendelea kupinga, utakuwa unajua hoja yake.

Hatua ya 3: Baki na mambo matatu

Msikilizaji hana kabrasha kichwani. Mpe mambo matatu, yapangike kwa namna ambayo la kwanza linaita la pili. Kwa mfano wetu:

Fedha yetu iko wapi. Kwa nini imekwama huko. Tunafanya nini mwaka huu.

Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin, aliweka mezani mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Kila moja alilipatia sentensi fupi yenye umbo lilelile, ikimalizia kwa "tunao" au "tunayo". Aliyeisikiliza kwenye redio ya mbao kijijini aliweza kuirudia neno kwa neno kilabuni jioni, na hadi leo inarudiwa na watu waliozaliwa miaka mingi baada ya vita kwisha. Sababu mojawapo ni uzito wa siku yenyewe. Nyingine ni ufundi: maneno matatu, umbo moja, na hakuna la nne la kuyavuruga.

Yapime mambo yako kwa mtu wa nyumbani asiye mhasibu. Mwambie wakati anamenya viazi, kwa dakika mbili, halafu ondoka. Baada ya saa moja muulize ulisema nini. Alichokikumbuka ndicho ukumbi utakachokikumbuka. Kilichopotea, kitengeneze upya au kiache kibaki kwenye kabrasha.

Hatua ya 4: Zigeuze tarakimu ziwe za kusikika

Hapa ndipo wasilisho la mahesabu linapofia au linapopona, kwa hiyo tukae kidogo.

Tarakimu ikiwa kwenye karatasi, jicho linaweza kurudi nyuma kuisoma tena. Sikio halirudi. Ukitamka "shilingi milioni mia nne themanini na tatu, laki sita na elfu arobaini na mbili, mia tano na kumi", umeshampoteza msikilizaji kwenye laki. Tamka "kama milioni mia nne na themanini" na umwelekeze kwenye ukurasa wenye tarakimu kamili. Usiogope kwamba watakushutumu kwa kukadiria. Waambie mwanzoni kabisa: "Nitazitaja kwa kukadiria, kamili ziko ukurasa wa tisa."

Angalia pia namna tunavyotaja maelfu. "Elfu ishirini na tano" mtu anaweza kusikia 25,000, mwingine 20,005. Kwa kiasi kidogo maana inajulikana kwa muktadha, lakini "elfu mia mbili na tano" mbele ya watu wanaotafuta kosa ni ugomvi wa bure. Sema "laki mbili na elfu tano" na ukate mzizi.

Baada ya kuzikadiria, zipunguze ziwe za ukubwa wa mtu mmoja. Milioni 57.6 ni tarakimu isiyo na uso. Kuna njia tatu za kuipa uso, na kila moja ina tabia yake.

Njia ya kwanza ni kwa kila mia. 57,600,000 ukigawa kwa 480,000,000 unapata asilimia 12. Sema: "Katika kila shilingi mia tulizokopeshana, kumi na mbili hazijarudi kwa wakati." Kama mwaka uliotangulia zilikuwa nane, ongeza hapohapo: "Mwaka jana zilikuwa nane." Mtu ambaye hajawahi kusoma mizania ameshaelewa kwamba mambo yanakwenda kombo.

Njia ya pili ni kugawa kwa wanachama: 57,600,000 kwa watu 640 ni shilingi 90,000 kila mmoja. Ni rahisi kueleweka, lakini ina hatari. Ukiitaja, kuna mtu atasimama kudai apewe elfu tisini yake leo. Mimi nisingeitumia kwenye mkutano wa gawio.

Njia ya tatu ndiyo bora kwa mfano huu: igeuze iwe kitu wanachokililia. Fedha iliyokwama ingetosha kuwakopesha wanachama 24, kila mmoja shilingi 2,400,000. Sema: "Hiyo ni mikopo ya ada ya watu ishirini na wanne. Ndiyo foleni mnayoiona ofisini." Mwalimu aliyekuwa na hasira anageuka na kuanza kumtafuta mdaiwa sugu kwa macho. (Usimsaidie kumtafuta. Majina ya wadaiwa hayatajwi kwenye wasilisho. Kama chama kina utaratibu wa kuwafuatilia, ufuatwe huohuo.)

Tarakimu tatu au nne zinatosha kwa dakika 20. Na lugha ya ofisini iache ofisini. "Mikopo chechefu" sema kwa wakaguzi. Kwa wanachama sema "mikopo ambayo imepita miezi mitatu haijalipwa", au muda wowote ambao masharti ya chama chenu yanautaja. "Ukwasi" sema "fedha taslimu tuliyonayo ya kukopesha leo".

Hatua ya 5: Tayarisha karatasi ya kusimamia

Usiandike hotuba nzima, utaisoma. Usiende mikono mitupu pia, utapotea. Chukua karatasi moja ngumu, hata jalada la daftari, uandike kwa herufi kubwa ambazo unaweza kuzisoma karatasi ikiwa usawa wa kiuno. Mambo matatu tu yaandikwe kwa ukamilifu: sentensi mbili za kufungulia, tarakimu zote utakazozitaja, na sentensi ya mwisho ya kuomba uamuzi. Mengine yote yawe neno moja moja la kukukumbusha.

Za kufungulia zinaandikwa kwa sababu hapo hofu iko juu. Ya mwisho inaandikwa kwa sababu ya lugha ya kikao: katibu anatakiwa aweze kuinakili kwenye muhtasari kama ilivyo. Kwa mfano: "Ndugu mwenyekiti, bodi inaomba mkutano huu ukubali kwamba ziada ya mwaka huu isigawanywe, ibaki kuongeza mtaji wa chama. Naomba kutoa hoja."

Ukishasema hivyo, kaa. Ile "na pia ningependa kuongezea kidogo" inayofuata ndiyo inayoharibu kura.

Hatua ya 6: Slaidi, au bango kitita

Jiulize kwanza kama unahitaji slaidi. Ukumbi wenye madirisha makubwa yasiyo na mapazia saa tano asubuhi hauonyeshi kitu chochote kwenye ukuta. Bango kitita, yaani karatasi kubwa za kufunua moja moja, na makapeni mbili zinatosha, na zina faida moja ambayo projekta haina: umeme ukikatika bado zinasomeka.

Ukitumia slaidi, tano zinatosha kwa mfano wetu. Kila moja ibebe sentensi moja na picha moja au tarakimu moja. Usibandike jedwali la kabrasha ukutani halafu ukasema "najua hamlioni vizuri". Kama unajua hawalioni, kwa nini umeliweka? Kipimo cha maandishi ni rahisi: fungua slaidi kwenye kompyuta yako, rudi nyuma hatua tano au sita. Usichokisoma wewe, wa kiti cha mwisho hatakisoma.

Mambo ya mitambo yanayookoa aibu: hifadhi faili pia kwa PDF, kwa sababu kompyuta ya ukumbini inaweza isiwe na herufi ulizotumia. Weka kwenye flashi na kwenye barua pepe yako pia. Uliza projekta inatumia kebo gani, HDMI au ile ya zamani ya VGA, maana kompyuta nyingi mpya hazina tundu la VGA. Picha isipotokea ukutani kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na P, uchague ionekane sehemu zote mbili. Katika PowerPoint, F5 inaanzisha onyesho, na herufi B inafanya ukuta uwe mweusi; ibonyeze unapotaka watu wakutazame wewe, ibonyeze tena kurudi. Na zima jumbe za simu na kompyuta. Ujumbe wa WhatsApp wa shemeji yako hauna haja ya kusomwa na watu mia nne.

Hatua ya 7: Fanya mazoezi kwa sauti, ukiwa umesimama

Kupitia kichwani umelala kitandani hakuhesabiki kuwa mazoezi. Mdomo unatakiwa uyazoee maneno, kwani sentensi inayopendeza kwenye karatasi inaweza kukukata pumzi katikati. Simama, washa kinasa sauti cha simu, sema yote mara moja bila kusimama hata ukikosea. Kisha sikiliza. Haipendezi kujisikia, najua, vumilia.

Unasikiliza vitu viwili. Kwanza, muda. Ukipewa dakika 20, mazoezi yako yaishie kwenye 14 au 15, kwa sababu ukumbini kuna makofi, kuna mtu wa kuingilia na "taarifa mwenyekiti", kuna kipaza sauti kinachozima. Pili, maneno ya kujazia. Kila mtu ana lake: "kimsingi", "yaani", "kwa namna moja ama nyingine", "tuko pamoja?" Hili la mwisho likizidi linaudhi, kwa kuwa linawafanya watu wazima wajibu "ndiyoo" kama darasa la tatu. Dawa ni kimya. Pale ulipozoea kuweka "kimsingi", funga mdomo, meza mate, endelea.

Tayarisha pia toleo la dakika tano. Mikutano yetu unaijua: akidi imechelewa kutimia, mgeni rasmi amechelewa, yatokanayo na kikao kilichopita yamekula saa nzima, na wewe unaambiwa "ndugu meneja, kwa kifupi tu". Anayejaribu kusema dakika 20 ndani ya tano kwa kuongeza kasi haelewi mwenyewe anachosema. Toleo la dakika tano lina tarakimu moja, sababu moja na ombi.

Hatua ya 8: Fika kabla ya wajumbe

Saa moja kabla inatosha. Simama pale utakaposimama, kisha nenda ukakae kiti cha mwisho kabisa uone kitu gani kinakukinga. Tafuta fundi mitambo, mjue jina. Huyu ni mtu muhimu kwako leo kuliko mgeni rasmi.

Kipaza sauti cha mkononi kinashikwa chini kidogo ya mdomo, umbali wa vidole vitatu au vinne, na kinakaa hapo hata unapogeuza kichwa. Wengi hukianza karibu na kadiri wanavyozungumza kinashuka hadi kifuani, sauti inapotea nacho. Usikizibe kichwani kwa kiganja kama wanavyofanya waimbaji, na usisogee mbele ya spika: sauti inayotoka kwenye spika ikiingia tena kwenye kipaza sauti, inazunguka na kuzaa ule mluzi unaowafanya watu wazibe masikio. Ukiusikia, usikipigepige. Rudi nyuma ya spika. Kujaribu kama kinafanya kazi, sema neno. Kupuliza hakuonyeshi kama maneno yako yanasikika.

Muulize mshereheshaji nani yuko meza kuu, vyeo vyao na wanatajwa kwa mpangilio gani. Yaandike kwenye kona ya karatasi yako. Kukosea cheo cha mtu mbele ya watu wake ni kosa linalokumbukwa kuliko mahesabu yote.

Hatua ya 9: Dakika mbili za mwanzo

Moyo utaenda mbio, viganja vitalowa, mdomo utakauka. Mwili unajiandaa kwa jambo kubwa, na hali hiyo huanza kushuka ukishazungumza kidogo. Ukiwa bado umekaa, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita au nane, mara kadhaa. Kutoa pumzi polepole kunautuliza moyo. Kunywa maji kidogo. Miguu yote miwili iwe imekanyaga sakafu. Karatasi ikitetemeka mkononi iweke juu ya meza, au iwe ngumu kama nilivyosema. Karatasi nyepesi inatangaza mtetemo hadi nyuma.

Ukiitwa, tembea kwa mwendo wako wa kawaida, simama, watazame watu, kisha ndipo useme.

Itifaki ni fupi. Mwenyekiti, mgeni rasmi, wajumbe. Kama aliyetangulia ameshawataja wote, "itifaki imezingatiwa" inatosha, na hakuna atakayekulaumu. Kwa salamu za dini, uamuzi ni wako, ila ukiamua kusalimia, wasalimie Waislamu na Wakristo wote. Ukisalimia upande mmoja tu, nusu ya ukumbi unaanza kukutazama kwa jicho jingine. Usiombe radhi kwamba hukujiandaa, wala kwamba wewe si msemaji mzuri. Hawakuwa wanajua.

Kisha anza na kinachowauma wao:

"Ndugu mwenyekiti, ndugu mgeni rasmi, wajumbe wa mkutano. Wengi wetu tumeomba mkopo mwaka huu tukaambiwa tusubiri. Naomba nieleze fedha iko wapi, kisha niombe uamuzi mmoja."

Sentensi tatu tu hizo, na mwalimu aliyekuwa anatoka kwenda kunywa chai ameketi tena.

Hatua ya 10: Ukiwa katikati

Habari mbaya itoke mapema na itoke wazi. Mwaka huu hakuna gawio: iseme ndani ya dakika tatu za kwanza, usiizungushie mafanikio saba kabla hujaifikia. Minong'ono imeshaifikisha ukumbini kabla yako, na kila dakika unayoichelewesha inasomwa kama dalili ya kuficha. Ukishaisema, nyamaza kidogo. Watanung'unika. Waache. Usipandishe sauti juu ya manung'uniko. Subiri yashuke, kisha endelea kwa sauti ya kawaida na "kwa nini".

Macho yaelekeze kwa mtu mmoja kwa urefu wa sentensi moja, kisha kwa mwingine upande wa pili. Walio pembeni na nyuma husahaulika. Meza kuu nayo isikuteke: wapo wanaotumia dakika 20 wakimhutubia mgeni rasmi huku wanachama, ambao ndio wenye kura, wanatazama visogo vyao.

Ukisahau ulipokuwa, tazama karatasi. Hakuna anayekukataza. Sekunde nne za kimya kwako ni kama mwaka, kwao ni nafasi ya kupumua.

Ukumbi ukiwa wa bati na mvua ikashuka, usishindane nayo. Hakuna koo la binadamu linaloishinda mvua ya masika juu ya bati. Simama, mwombe mwenyekiti aahirishe kwa dakika chache, na mvua ikipungua rudia sentensi moja ya ulipofikia kabla ya kuendelea.

Hatua ya 11: Maswali

Orodhesha nyumbani maswali magumu kuliko yote unayoyaogopa, uyajibu kwa sauti, kila jibu lisizidi nusu dakika. Kwa mfano wetu lazima liwepo hili: "Wajumbe wa bodi wenyewe wanadaiwa kiasi gani?" Kama hujaliandalia jibu, usiende mkutanoni. Kubaliana na bodi mapema jibu la jumla ambalo ni la kweli na ambalo sheria na masharti ya chama yanaruhusu kutolewa.

Kwa kawaida mwenyekiti huchukua maswali matatu matatu. Yaandike yote, na jina la muulizaji kila moja. Anza na jepesi, ila usilisahau gumu, watu wanahesabu. Jibu ukielekea ukumbi mzima, kwa sababu ukimjibu muulizaji peke yake mnaanza mabishano ya watu wawili.

Anayeuliza habari za mkopo wake binafsi, mwambie kwa heshima kwamba utamwona baada ya kikao, kwani hesabu yake ni siri yake. Anayetoa hotuba badala ya swali, msikilize hadi mwisho, chagua neno moja alilosema lenye hoja, ulijibu hilo.

Mzee akikushambulia, umri unakuja kabla ya takwimu. "Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli kwamba miaka ya nyuma gawio lilitoka kila mwaka. Mwaka huu hali ni hii," kisha tarakimu. Usimwambie amekosea hata kama amekosea. Weka takwimu sahihi mezani na uziache zifanye kazi. Mkutano utaona wenyewe, na mzee atabaki na heshima yake, jambo litakalokufaa mwakani.

Usichokijua, sema hukijui, utaje na siku: "Takwimu hiyo sinayo hapa. Nitaibandika kwenye ubao wa matangazo ofisini kufikia Ijumaa." Mwombe katibu aiandike.

Hatua ya 12: Baada ya kikao

Usikimbilie gari. Kaa nusu saa karibu na mahali pa chakula, kwa sababu maswali ya wasiothubutu kushika kipaza sauti yanaulizwa hapo, hasa ya akina mama na ya vijana. Muombe mtu mmoja unayemwamini akwambie ni wapi alipopoteza mwelekeo. Usimuulize kama ulizungumza vizuri.

Siku hiyohiyo pitia muhtasari wa katibu kwenye ajenda yako na uhakikishe uamuzi umeandikwa kama ulivyopitishwa. Ijumaa ikifika, bandika ile takwimu uliyoahidi, na nakala yake mpe katibu aiweke kwenye jalada. Mwakani kwenye yatokanayo itakuwa ya kwanza kuulizwa, na huenda aliyeiahidi asiwepo tena ofisini.